Pamba Ndani ya Kopo

Msimu wa pamba wa 2017 nilikuwa karani wa mizani kwa wakala mmoja, katika kijiji kisicho mbali na mji wa Bariadi. Mkulima anashusha mzigo wake kwenye baiskeli au mkokoteni wa ng'ombe, nauning'iniza, nasoma, naandika kilo, nampa karatasi yake anakwenda kusubiri pesa. Toka asubuhi mpaka giza nilikuwa napima jasho la watu. Nyuzi nyeupe zilinijaa kichwani, na mke wangu alizoea kunipangusa mlangoni kabla sijaingia ndani, akinitania kwamba nimezeeka kwa siku moja.

Siku moja alinifuata pale pale kwenye mizani akiwa na barua. Ilikuwa nusu karatasi yenye muhuri wa zahanati, inamwomba mwenza wa mama mjamzito afike naye kliniki. Mimba ilikuwa ya miezi mitano. Barua hiyo ilikuwa ya tatu. Mbili za kwanza sikumbuki ziliishia wapi. Ya tatu naikumbuka kwa sababu siku hiyo kitabu changu kiliisha wakulima wangali kwenye foleni, nikaigeuza nyuma nikaandika kilo za watu sita. Jioni nikazinakili kwenye kitabu kipya, nikaikunja barua nikaitia mfukoni.

Kwa hesabu zangu sikuwa na kosa. Kliniki ni ya wanawake, nilikuwa nasema, na tena mke wangu ameshapimwa. Angekuwa na tatizo ningeona analia. Halii, basi yeye mzima, na kama yeye mzima na mimi mzima. Wanaume wengi kwetu tunapima kwa mgongo wa mke namna hiyo. Wanawake nao wana mbinu zao za kutufidia: kwa kuwa mama anayekuja na mume huhudumiwa mapema, wapo waliomwomba dereva wa bodaboda akae nao kwenye benchi kama mume. Tulikuwa tunaicheka habari hiyo kijiweni. Hakuna aliyejiuliza mume mwenyewe alikuwa wapi.

Miezi miwili kabla ya barua ile mke wangu alikuwa ameanza kuota ndoto za ajabu. Anaamka usiku, amelowa jasho, anasema amefukuzwa na fisi wenye sura za watu. Akiinuka anayumba. Ukitaja Bariadi mahali pengine Tanzania, jambo la kwanza watakalokuuliza ni Gamboshi, kijiji cha upande wetu kilichopewa sifa ya kuwa makao makuu ya wachawi, kwa hiyo huwezi kushangaa mama yangu alisema nini. Alisema huyu mkwe ametupiwa kitu. Akataka tumpeleke kwa mganga. Mke wangu akakataa kwa upole, akasema mimba hii ni ya namna hiyo, itapita. Na kweli, baada ya wiki chache ndoto zikapungua.

Kopo nililiona usiku, natafuta michembe. Umeme ulikuwa umekatika, nina njaa, nikaingiza mkono kwenye ndoo anamohifadhia viazi vikavu, vidole vikagusa plastiki. Nilimulika kwa simu. Kopo jeupe, karatasi ya ubavuni imebanduliwa, imebaki gundi. Nililitikisa, likawa kimya kabisa. Nilipofungua, juu kulikuwa na pamba. Siyo ile laini ya dukani. Hii ilikuwa pamba ya shamba, mbegu zimetolewa kwa vidole moja moja, bado ina kijani kidogo cha jani. Niliitambua kama mtu anavyotambua kazi ya mikono yake. Ilitoka kwenye nguo zangu, au kwenye magunia niliyokuwa narudi nayo. Chini yake vidonge.

Ilinichukua muda kuelewa pamba ile ilikuwa inafanya nini. Ilikuwa inazuia vidonge visilie. Kopo la dawa lina sauti yake, chaka-chaka, na katika nyumba ya vyumba viwili sauti hiyo inafika kila mahali. Mke wangu alikuwa amekaa peke yake jikoni akachambua pamba, mbegu kwa mbegu, ili mimi nisisikie.

Asubuhi nilimuuliza, kopo lile la nini. Akasema, "Dawa ya damu, baba watoto. Wajawazito wote tunapewa." Nami nikakubali, kwa sababu nilitaka kukubali. Wajawazito hupewa kweli dawa ya kuongeza damu, ila hakuna mwanamke anayeificha kwenye michembe.

Wiki iliyofuata nilisema nakwenda kufuata malipo, nikapanda basi, nikapita Dutwa mpaka Lamadi, ambako hakuna anayenijua. Katika benchi la kupima nikamkuta jirani yangu wa nyumba ya tatu. Kila mmoja akajifanya amekuja kuangalia presha. Nilipimwa, nikarudiwa kipimo cha pili, mshauri akaniketisha, akanieleza. Nikatoka na kopo langu siku hiyo hiyo, kwa kuwa tangu Oktoba 2016 Tanzania ilikuwa imeacha kumsubirisha mtu mpaka kinga yake ishuke: ukikutwa na VVU, unaanza dawa.

Sasa sikiliza nilichofanya, maana ndicho kilichonifanya niandike. Nilifika nyumbani, nikabandua karatasi ya kopo, nikachukua pamba, nikaitia ndani. Kopo nikalificha kwenye mkoba wa vitabu vya risiti. Kwa wiki karibu tatu watu wawili katika nyumba moja tulikuwa tunameza kidonge cha aina moja kila usiku, yeye jikoni akisonga ugali, mimi nyuma ya bafu la makuti, na kila mmoja anamwonea mwenzake huruma kwa jambo asilojua.

Kidonge cha wakati ule kilikuwa na dawa tatu ndani yake: tenofoviri, lamivudini na efavirenzi. Hii ya tatu ndiyo yenye ndoto. Siku za mwanzo hukupa kizunguzungu na sinema usiku kucha, ndiyo sababu tuliambiwa tuimeze wakati wa kulala. Usiku mmoja nikaamka kwenda nje, nikayumba, nikashika ukuta. Nilidhani amelala. Akaniuliza gizani, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza mlango umefungwa:

"Baba watoto, umeanza lini?"

"Nimeanza nini?"

"Mimi wiki ya kwanza niliyumba hivyo hivyo."

Nikakaa kitandani. Akauliza kopo liko wapi, nikamwambia. Akauliza kama nimetia pamba. Nikasema nimetia. Alicheka kidogo, halafu akanyamaza muda mrefu, nikajua zamu ya kusema ni yangu.

Swali la nani alileta lilikuja, lisingeweza kukosa. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa 2013, na kadi ya kliniki ya mimba ile inaonyesha mama alipimwa akakutwa salama. Kwa hiyo jambo liliingia nyumbani baadaye. Kipimo hakisemi zaidi ya hapo. Huonyesha nani ana virusi, hakionyeshi nani alitangulia, lakini kijijini anayepimwa kwanza ndiye anayeitwa mleta ugonjwa, na anayepimwa kwanza karibu kila mara ni mwanamke, kwa sababu mimba ndiyo inayompeleka kliniki. Wangapi wamerudishwa kwao na kopo mkononi kwa sababu hiyo tu, wakiwa wamebeba hukumu ya mtu aliyekataa kupimwa? Mimi sitajificha nyuma ya fumbo. Nilikuwa na safari zangu za minadani ambazo nyumbani hazikujulikana. Nilimwambia usiku ule. Hakunifukuza, wala hakusema amenisamehe. Alisema Alhamisi ni kliniki.

Nilikwenda. Wanawake kama thelathini kwenye mabenchi na wanaume wawili, mmoja akiwa mimi. Nilikuwa mwanafunzi pale, na nilichojifunza kilinitisha zaidi ya majibu yangu. Bila dawa, katika kila watoto 100 wanaozaliwa na mama mwenye VVU, kati ya 15 na 45 huambukizwa, wakiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya. Mama akitumia dawa vizuri, idadi hiyo hushuka chini ya 5. Hilo nililisikia kwa faraja. Halafu nesi akasema jingine: hatari kubwa ni mama aliyepimwa mwanzoni akakutwa salama, kisha akaambukizwa katikati, mimba ikiendelea au ananyonyesha. Maambukizi mapya huja na virusi vingi mno, na huyo mama hana dawa, kwa kuwa kadi yake inasema ni mzima. Ndiyo maana wanarudia kupima miezi ya mwisho ya ujauzito na wakati wa kunyonyesha. Nesi hakunitazama alipokuwa akisema. Nilihesabu mwenyewe: ningeweza kuwa mimi, mtu asiyepima, ndiye mlango wa mtoto wangu kuambukizwa, hata kama mke wangu angefuata kila alichoambiwa.

Mtoto wa kwanza naye tulimpeleka akapimwe, maana alinyonya mpaka karibu miaka miwili na hatukujua tarehe yetu. Saa ile ya kusubiri majibu yake nje ya chumba ndiyo ndefu kuliko zote nilizowahi kukaa. Alikutwa salama. Alikuwa anataka miwa, tukamnunulia.

Kwenye ukuta wa chumba cha dawa palikuwa na tangazo la AGPAHI, shirika la Kitanzania ambalo miaka ile lilisaidia vituo vya Shinyanga na Simiyu. Herufi ya kwanza ya jina hilo ni ya neno Ariel. Nilidhani ni jina la dawa. WAVIU mshauri, yaani mwenye VVU anayewashauri wenzake, mama mmoja mcheshi aliyekuwa akitufundisha kumeza kwa saa, akaniambia Ariel alikuwa mtoto. Baadaye nikatafuta habari zake. Ariel Glaser alizaliwa Marekani mwaka 1981. Mama yake, Elizabeth, alipoteza damu nyingi katika uzazi, akaongezewa, na damu ile ilikuwa na virusi ambavyo dunia ilikuwa haijavipa hata jina. Akamnyonyesha binti yake bila kujua. Miaka michache baadaye akazaa mtoto wa kiume, naye akaambukizwa tumboni. Baba yao alikuwa mwigizaji maarufu wa televisheni. Pesa zilikuwapo, madaktari walikuwapo, dawa ya kumfaa mtoto haikuwapo. Ariel alikufa 1988 akiwa na miaka 7. Mama yake na marafiki zake wakaanzisha mfuko wa kutafuta tiba za watoto. Mwaka 1994 utafiti ukaonyesha kwamba dawa ya zidovudini ikitolewa kwa mjamzito na kichanga hupunguza maambukizi kutoka watoto 25 katika 100 hadi 8. Elizabeth alifariki Desemba ya mwaka huo huo.

Baadaye ikaja Kampala, 1999, ambako utafiti ulionyesha kuwa dozi moja ya nevirapini kwa mama akiwa na uchungu na moja kwa mtoto ilisaidia, tena kwa bei ambayo nchi zetu zingeimudu. Mwaka 2000 Tanzania ikaanza huduma kwa majaribio, Bugando ya Mwanza ikiwa miongoni mwa hospitali chache za mwanzo. Mwaka 2013 ikaamuliwa kwamba kila mjamzito mwenye VVU aanze dawa kamili na azimeze maisha yake yote. Nikitazama mpangilio huo wa miaka, naona mke wangu alifika zahanati ya vumbi, kwa miguu, akapewa bure siku hiyo hiyo kitu ambacho mtoto wa mwigizaji wa Hollywood alikikosa. Mimi peke yangu ndiye niliyemfanya akifiche ndani ya michembe.

Binti yetu alizaliwa hospitali ya Somanda mwezi Oktoba. Tangu siku ya kwanza alipewa nevirapini ya maji, kila siku kwa wiki sita, kwa bomba la sindano lisilo na ncha. Kazi hiyo niliichukua mimi. Nilikuwa nimezoea kusoma mistari ya mizani, na mistari ya bomba lile ni midogo lakini inasomeka.

Kazi ngumu ilikuwa maziwa. Tuliambiwa: miezi sita, maziwa ya mama peke yake. Maji hapana, uji hapana, dawa za mitishamba hapana. Mtoto akichanganyiwa vitu, utumbo wake mchanga huchubuka, na virusi hupata pa kupitia. Dawa za mama zinashusha hatari hiyo sana, lakini nesi hakutaka kubahatisha, nasi hatukutaka. Sasa mweleze hayo mama wa Kisukuma aliyelea watoto tisa kwa maji ya vuguvugu na mizizi ya chango. Siku ya tano tu, mama alifika na kikombe. Mtoto analia, tumbo linamnyonga, atasafishwaje ndani? Mke wangu akanitazama. Yeye ni mkwe. Mkwe hawezi kumwambia mama mkwe "hapana" usoni akaendelea kuishi kwa amani katika boma hilo.

Hapo ndipo nilipoelewa ile barua ilikuwa inaniita nikafanye nini. Nilisimama nikapokea kikombe kwa mikono miwili, nikasema, "Mayu, daktari amekataza, na mimi ndiye niliyemsikia." Nilisema mimi. Kama nisingekwenda Alhamisi ile, ningesema nini? Alinuna siku mbili. Aliporudi tena nikamwambia tena. Mara ya tatu alikuja na samaki sangara kutoka Lamadi, akasema basi anyonyeshwaye asile, lakini anyonyeshaye ale ashibe. Mpaka leo hajui kwa nini daktari alikataza. Kuna siku tutamwambia, au hatutamwambia. Siri si dhambi kila mara. Tofauti ninayoiona ni kama mnaibeba wawili au mmoja anambebea mwenzake.

Alipofikisha wiki sita walimchoma kisigino, wakadondosha damu kwenye miduara ya karatasi nene, wakaianika kwenye kibao kama mtu anayekausha dagaa, halafu ikatiwa bahasha kwenda maabara ya Bugando. Karatasi ile tu, na tone limekauka. Siku zilizofuata nilikuwa nikisikia pikipiki ya zahanati natoka nje. Majibu yalirudi: hana. Lakini hana ya wiki sita si hana ya mwisho, kwa kuwa bado alikuwa ananyonya. Kila mwezi tulirudi, mara nyingi sote watatu, na mke wangu alipimwa wingi wa virusi, vikawa vichache mno kiasi cha kutoonekana. Kipimo cha mwisho kilikuja baada ya kuachishwa ziwa, akiwa amepita miezi 18, mwaka 2019. Nesi aliandika kwenye kadi, akapiga muhuri, akasema huyu tumemalizana naye, msimlete tena huku. Sijawahi kufukuzwa mahali nikafurahi namna ile.

Mwaka huo pia tulibadilishiwa kidonge, dolutegraviri ikachukua nafasi ya efavirenzi, na fisi wenye sura za watu wakahama nyumbani kwetu. Mama anaamini ni maombi.

Januari 2025, redio ilipotangaza kwamba serikali ya Marekani imesimamisha misaada ya nje, nilimimina vidonge vyangu kitandani nikavihesabu, na mke wangu akahesabu vyake, kama watu wanaohesabu mahindi ya kufikia mavuno. Havikuisha kabla ya tarehe ya kurudi. Lakini siku ile nilikumbuka kwamba safari iliyoanza na mtoto mmoja mwaka 1981 haijafika mwisho, na kwamba kuna wanawake wenye mimba leo hii katika wilaya zetu za Meatu, Itilima na Busega ambao kopo lao ndilo tumaini lote la mtoto.

Makopo yetu sasa yanakaa juu ya meza, karibu na redio. Yanalia chaka-chaka yakiguswa. Binti yuko shule ya msingi, hajui hadithi hii, na mlio ule kwake ni mlio wa kawaida wa nyumba, kama mfuniko wa sufuria. Barua ya zahanati ninayo bado, na kilo za watu sita nyuma yake.

Siku hizi mambo ni mepesi kuliko enzi zangu. Sheria ilirekebishwa mwaka 2019 ikaruhusu mtu kujipima mwenyewe, na mama anaweza kupewa kliniki kipimo cha majimaji ya kinywani akamletea mume nyumbani. Kama umeletewa wewe, na kiko juu ya kabati tangu wiki iliyopita, kishushe. Unasugua ufizi, unasubiri dakika 20. Ikitokea mistari miwili, nenda kituoni wakurudie kwa damu. Mkeo alishakwenda.